Mgongo wa Mama Mkwe

Shule niliacha darasa la nne na sijawahi kumwomba mtu radhi. Wasomi wa Mbinga walionicheka leo wananipigia simu: "Shikamoo mama, Jumamosi una nafasi?" Mara nyingi sina.

Nilianza kwa kuvaa. Mwenye duka la vitenge pale mjini aliniona nimejitwika debe la kahawa, akasema shingo kama hiyo inapotea bure. Akawa ananisimamisha kibarazani kwake siku za soko, kitenge kipya kila saa, baadaye akanipeleka Songea kwenye maonyesho ya mavazi. Kazi ni kutembea na kunyamaza. Kutembea nilikuwa naweza. Nilipotuma habari nyumbani Mpepai kwamba sasa mimi ni mwanamitindo, baba alisikia mtindi. Mwaka mzima alijua nauza maziwa, akawa ananiulizia hali ya ng'ombe.

Walionichosha ni wapiga picha. Huyu ananikata kichwa, yule ananikata miguu. Siku moja nikamnyang'anya mmoja kamera, nikampiga picha yeye. Ilitoka nzuri kuliko zangu zote. Basi, vitenge nikawaachia wasichana, nikanunua kamera yangu.

Harusi ya kwanza kupewa ilikuwa Lituhi, kando ya ziwa. Bibi harusi alikuwa anaondoka kesho yake kumfuata mume Mtwara, akanivuta pembeni: "Mama, nataka picha moja. Mama yangu na mume wangu, pamoja. Hiyo nitaitundika ukutani kule ugenini. Ikikosekana, hizo nyingine futa zote."

Nikasema hilo dogo. Kumbe nimejitia kitanzi. Kule mama mkwe na mkwewe hawatazamani, seuze kusimama bega kwa bega. Mama wa binti alipotoka ndani tu, bwana harusi mwenye suti akachumpa nyuma ya migomba.

"Wewe njoo huku!" nikamwita.

"Mama mkwe yupo?"

"Yupo."

"Basi mimi sipo."

Nikamgeukia mama. Akanitazama juu mpaka chini. "Mwenzangu, huko Mbinga mnakotoka mnawatazama wakwe usoni?"

"Hutamtazama yeye, utatazama kamera."

"Na yeye atatazama kamera. Si tutakutana humo humo ndani?"

Vijana wenye simu wakaanza kucheka, mmoja akasema eti atawapiga kila mmoja kwake halafu aunganishe. Bibi harusi akaangua kilio, wanja ukamshuka mpaka kidevuni. "Nataka wasimame pamoja kweli!" alisema, na mimi nikamwelewa.

Ndipo nilipokumbuka dukani. Mteja akija, yule tajiri alikuwa ananiambia geuka, maana mshono wa gauni hujulikana mgongoni. Nikamwuliza mama, "Hilo gauni lako limeshonwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe," akasema, shingo ikarefuka.

"Na nyuma umeweka marinda?"

"Safu tatu!"

"Sasa ukitazama mbele, nani atayaona? Geukia ziwani. Mkono kiunoni. Tembea kidogo, simama, uzito mguu mmoja."

Mama akageuka, akashika kiuno, akajipinda kama aliyezaliwa jukwaani. Binti nikamweka katikati. Mkwe nikamtoa migombani, ananitazama mimi kama askari, jasho linamtoka. Mama kaangalia maji, mkwe kaangalia kamera, hakuna aliyemwona mwenzake. Nikabonyeza mara sita, maana mkwe alikuwa anafumba macho.

Bibi harusi akaishika kamera kwa mikono miwili. Akanikumbatia, wanja wote ukahamia kwenye blauzi yangu. Mama naye akaja kuchungulia, upande wa mkwe kauziba kwa kiganja.

"Huyu mwanamke ana mgongo," akasema, akijionyesha mwenyewe pale pichani. "Baba yenu aitwe, aje aone alichonacho."

Kisha akaniamuru nimpige nyingine, ya peke yake, na wakwe wote wasogee mbali wasimzibie ziwa.