Kiingereza cha Jikoni

Nyumbani kwetu Mvumi, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, lugha tatu zilikwishasemwa kabla uji haujaiva. Baba alisema Kigogo, na watu na ng'ombe sawasawa. Mama, aliyeolewa kutoka Kondoa, alitusemesha Kirangi, hasa akikasirika. Kiswahili tulikitoa mgeni akipita. Kidachi tulijua amri mbili tatu za askari, basi. Kiingereza nilikuwa nacho mimi peke yangu, nilikiokota jikoni misheni nilikoosha vyombo: maji moto, kisu, kitambaa, polepole, tayari. Kwa hayo nilijiona mkalimani kamili, nikaota nimevaa kanzu nyeupe, nawatafsiria wafalme.

Siku moja mama wa mchumba wangu aliletwa misheni na binti yake huyo, mama ana jipu nyuma ya sikio, shingo haigeuki, homa siku ya nne. Mzungu aliyejua Kigogo alikuwa safarini Kongwa. Alibaki bibi mmoja mgeni kutoka Uingereza, hodari wa dawa, asiyejua hata salamu yetu. Nikaitwa mimi.

Sasa, kwetu mkwe hamtazami mama mkwe, wala hasemi naye ana kwa ana. Niliingia kinyumenyume, nikasimama nikiitazama nguzo ya mlango. Yule bibi akanishika mabega, akanigeuza, nikageuka tena. Nadhani aliniona nina kiburi.

Akaeleza maneno marefu. Katika hayo yote nilishika mawili, kisu na maji moto, nayo yalinitosha kuelewa. Niliwaza niseme ni dawa ya kupaka tu. Lakini mama mkwe angekiona kisu angekimbia na jipu lake, asirudi tena.

"Nguzo," nikasema kwa Kigogo, "mwambie mama jipu litapasuliwa kwa kisu. Kimechemshwa."

Kisha nikamsikia akimwambia binti yake kwamba huyu anayeongea na miti anataka kumwua, wainuke waende zao. Binti alimbembeleza, akakemewa.

Sikuwa na Kiingereza cha kuuliza kama itauma. Nikatoa nilichokuwa nacho: kisu, polepole? Yule bibi akacheka kidogo, akajibu polepole, polepole, kwa sauti ya mtu anayelaza mtoto.

"Nguzo, itauma," nikasema. "Hata mimi naogopa. Lakini mkono wake si wa haraka."

"Wewe," akasema mama, na safari hii hakuwa akimwambia binti yake. "Usiondoke hapo."

Sikuondoka. Yeye hakulia, niliyelia ni mimi, mpaka niliposikia tayari.

Alipona. Lakini alikuwa amenisemesha, na wazee wakasema lazima atoke mbuzi wa faini, wakabishana kutwa nzima nani amtoe. Mama mkwe akawanyamazisha, akamtoa yeye mwenyewe, beberu mnono, nasi tukamla hata kabla ya harusi.