Siku Mjomba Alipoziba Mlango wa Bwawa

Mjomba wangu alipostaafu kazi serikalini aliamua kuijua nchi. Miaka yote alikuwa akitoka nyumbani kwake Qurum kwa gari na kufika ofisini kwa gari, na nchi akiiona kwenye kalenda za ukutani. Ijumaa moja akatupitia nyumbani kwetu Mawaleh, mimi na mama, dada yake mdogo, akasema twende tukatembelee bwawa la kale lililofunguliwa kwa wageni.

Lilikuwa ukuta mrefu wa mawe uliokatiza wadi, yaani mto unaopita maji mvua ikinyesha tu. Siku ile mto ulikuwa changarawe tupu na mbuzi wawili. Kwenye ncha ya ukuta kulikuwa na mnara wa walinzi, maana zamani maji yalipiganiwa. Mtembezaji wageni, bwana wa makamo mwenye kipaza sauti kidogo shingoni, alitueleza kwa Kiarabu kwamba mlango wa mnara ulijengwa mfupi na mwembamba ili adui aingie kichwa chini, mmoja mmoja, na juu yake kuna tundu la kumwagia asali ya tende iliyochemka.

Mjomba alipendezwa sana. Akasema yeye ataingia kama adui. Akainama, akapitisha kichwa, akapitisha mabega, tumbo likakataa. Akajaribu kurudi nyuma, nako hakukuwezekana.

Mtembezaji, badala ya kusaidia, aliwageukia wageni waliotufuata akawaambia kwamba sasa wanajionea wenyewe akili ya wajenzi. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimulia jambo miaka mingi bila ya kuliona likitokea. Wageni wakapiga makofi, kisha wakapiga picha za ile sehemu ya mjomba iliyobaki nje. Mmoja aliniuliza kwa adabu onyesho linalofuata ni saa ngapi.

Kumbe mnarani walikuwamo mtu na mkewe, watalii wazee waliotangulia kuingia, na sasa hawakuwa na pa kutokea. Nilimsikia mjomba akiwasalimia na kuwauliza hali za watoto. Hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Mama akainama karibu na kiuno cha kaka yake.

"Kaka, toa pumzi."

"Nishazitoa zote," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Basi nna mafuta ya kupikia garini. Usende popote."

Tulikuwa tumechukua chupa nzima, tukaange samaki baada ya matembezi. Mama akaipitisha kwenye tundu la kulengea bunduki, ukutani mwa mnara, akaonyesha kwa mikono kinachotakiwa. Yule mzee wa kitalii akaipokea, akapanda ngazi, akalikuta lile tundu la juu ya mlango, akammiminia mjomba mgongoni taratibu, kama anayemwagilia maua. Mtembezaji alikizima kipaza sauti chake. Mimi na mama tukashika mguu mmoja mmoja, tukavuta.

Mjomba alitoka ghafla, akatuangukia sote wawili. Watalii wakatoka nyuma yake, wakatupa mikono mmoja mmoja, wakaenda zao haraka.

Nilidhani atakasirika, au atatukataza tusimwambie mtu. Aliketi juu ya jiwe akinuka kikaango, akaanza kucheka, akacheka mpaka mama akamwambia basi, atapaliwa. Samaki tukawachoma, mafuta yakiwa yamekwisha.

Wakati wa kurudi aliendesha akiwa na kikoi na fulana, kanzu imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tukaingia barabara kuu.

"Hivi lile bwawa," akauliza, "tulilitazama?"

Mama akafikiri kidogo, akasema yeye aliuona mlango tu.

Mjomba akawasha taa ya kukatia kona, akageuza gari.