Alhamisi za Marehemu

Nilipoolewa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini, bwanangu alikuwa amefiwa na mke na kuachiwa watoto wawili, msichana wa miaka kumi na mvulana mdogo aliyekuwa bado anang'oka meno. Hayo niliambiwa mapema na niliyakubali. Ambacho hakuna aliyeniambia ni Alhamisi.

Kila Alhamisi, baada ya swala ya Magharibi, watu wa nyumba ile walikaa kwenye mkeka sebuleni mpaka Isha. Televisheni ilizimwa, simu zikawekwa juu ya kabati. Walisoma Yasini, kisha mtoto mmoja akasimulia kisa cha nabii alichofundishwa madrasa, kisha kila mtu akataja jambo moja la wiki ile analomshukuru Mungu. Mwisho ilikuwa dua, na dua ilianza kwa marehemu. Mungu amrehemu, Mungu aliangaze kaburi lake, Mungu amlipe kwa malezi yake. Bwanangu ni fundi wa magari. Garajini sauti yake hushinda injini. Lakini aliposoma dua ile alifumba macho na sauti ikawa laini mno, hata mara ya kwanza nilidhani koo linamuuma.

Mimi nilikaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa nimesilimu mwezi ule ule wa ndoa. Nilikulia mtaa wa Kinanira, kwa baba mfanyakazi wa serikali, na kwetu dini ilikuwa mambo ya Jumapili asubuhi, na sala fupi kabla chakula hakijapoa. Nilijua Fatiha na sura mbili za mwisho mwisho. Wao wakisoma Yasini, mimi midomo ilicheza tu.

Kumwonea wivu mtu aliye hai kuna nafuu yake. Unamwona akipita njiani, unaona kisigino chake kimepasuka, unapumua. Marehemu hana kisigino. Siku wanapomwosha mtu wao, na sifa zake huoshwa pamoja naye, na tangu hapo hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuunguza wali. Nilipopika chai ya Alhamisi, msichana aliinywa yote, akanishukuru, halafu akaniambia kwa adabu, akiniita shangazi kwa Kifaransa kama walivyozoea, "Tanti, Mama alikuwa anaponda tangawizi. Haweki ya unga." Siku nyingine niliomba nisimulie mimi kisa. Nilichagua cha Yusufu, maana nilikijua tangu utoto, kutoka kwa masista. Sikufika hata kwenye kisima. "Sisi hatusemi hivyo," alinikatiza yule msichana, na akakichukua kisa mkononi mwangu, akakimalizia kama mama yake alivyomfundisha. Bwanangu alikuwa anatabasamu. Najua alikuwa anamtabasamia mtoto, lakini siku ile sikuona hivyo.

Basi nikajaribu kuihamisha siku. Nilisema tufanye Jumapili, duka langu linafungwa, sote tupo, hakuna wa kukimbizana na saa.

"Apana, Tanti," msichana akajibu. "Mama alisema Alhamisi."

Nilimtazama baba yake anisaidie. Alikuwa anachokoa kitu chini ya ukucha. "Ni Alhamisi," alisema.

Baada ya hapo nikaanza kuchelewa. Ninauza vitenge kule Asiatique, mtaa wa maduka, na kazi ya duka haikosekani kwa anayeitafuta. Kila Alhamisi jioni nilishusha majora yaliyokuwa yamepangwa vizuri, nikayapanga tena. Wenzangu wanaokaa mbali walikuwa na kisingizio cha uhaba wa mafuta, maana siku hizi gari za abiria zinangojwa mpaka miguu ivimbe. Mimi sikuwa nacho. Kutoka dukani hadi nyumbani ni mwendo wa miguu, na si mwingi. Nilikuwa nafika wakati wanakunja mkeka. Chai yangu ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kisahani. Nilitaka wanikose. Kama walinikosa, hakuna aliyesema.

Bwanangu alisema mara moja tu. "Siku ya Alhamisi funga mapema. Watoto wanakungoja."

"Wanangoja mimi ama wanangoja mama yao?"

Alivaa viatu, akaenda kazini. Siku mbili tuliongea ya lazima tu, chumvi iko wapi, funguo iko wapi.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba Alhamisi zile zilikuwa pia na mgeni. Mama mzazi wa marehemu anakaa Gasenyi, mtaa wa mbali. Kwa shida ya usafiri, alikuwa anakuja mchana, anasoma nasi, analala chumbani kwa watoto, na anarudi kwake Ijumaa. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, na mimi nililichukua neno hilo kama kiti anachopewa mgeni, akae lakini asisahau kuondoka. Pale mkekani, siku nilizokuwepo, alikuwa ananitazama. Nikiinua macho, naye ameinua yake.

Alhamisi moja mvua kubwa ilinyesha tangu mchana. Maji yakapanda barabarani Asiatique, umeme ukakatika, na wateja hawakuwepo hata wa kuuliza bei. Nikafunga duka, nikaenda nyumbani viatu vikiwa mkononi. Watoto walikuwa bado madrasa, baba yao garajini. Nilimkuta yule mama jikoni, kando ya jiko la makaa, anaponda tangawizi.

"Leo umewahi," aliniambia.

"Ni mvua, mama."

Nikabadili nguo, nikakaa kuchagua mchele. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mchi wake ulikuwa unapiga polepole. Halafu akasema, kama mtu anayezungumza na kinu, "Mutoto wangu angefurahi sana kuona Alhamisi za namna hii."

Sikuweza kujizuia. "Si ndiye aliyezianzisha? Alizoea."

Mchi ukasimama. "Alizianzisha. Lakini hakuzipata."

Niliinua uso. Yeye alikuwa anatazama mlangoni, kwenye mvua.

"Bwana wake alikuwa hakuji," alisema. "Iko garajini, ama iko na wenzake kwa karata. Mutoto wangu anapika, anatandika mkeka, anangoja. Mi namwambia, soma weye na watoto, mulale. Anasema, apana mama, leo atakuja. Wanasoma wao watatu tu, na mudogo analala katikati. Hata ile Alhamisi ya mwisho, iko mugonjwa kitandani, bwana alifika sisi tumeisha kusoma." Akachukua kijiko, akakusanya tangawizi. "Alipokufa ndio bwana alijua njia ya nyumba yake."

Nikasema pole.

"Mi nakuonea wivu," aliendelea, kwa sauti ile ile. "Kila Alhamisi namwona amekaa pale, amekoga, amezima simu. Nakutazama weye, na nasema, mutoto wangu alitaka kitu hiki kimoja tu. Na weye unakipata, halafu unakaa dukani." Akaitia tangawizi kwenye sufuria. "Sina ubaya na weye. Lakini wivu ninao."

Cha kwanza nilichohisi ni furaha, tena furaha mbaya. Kwa hiyo ndoa ile haikuwa pepo. Furaha hiyo iliisha hata kabla mchele haujaisha kuchaguliwa. Nilimwona mwanamke mgonjwa ambaye sikuwahi kumjua, amelaza kichwa, anasikiliza kama geti limelia. Nikamkasirikia bwanangu kwa niaba yake.

Jioni ile aliingia amelowa, akabadili shati, akakaa mahali pake. Dua ilipofika kwa marehemu, nilisikia maneno yale yale niliyoyasikia miezi na miezi, na kwa mara ya kwanza nilisikia ni mtu anayeomba msamaha. Wakati wote nilikuwa nimedhani ni mapenzi tu.

Nilimuuliza Jumamosi, amekaa barazani anasugua mafuta mikononi kwa sabuni ya unga.

"Ni kweli ulikuwa huji? Siku zile za mama watoto?"

"Nani amekuambia?"

"Ni kweli?"

Aliendelea kusugua. "Ni kweli. Mi nilidhani Alhamisi ziko nyingi." Baadaye akaongeza, "Kwa hiyo nakuomba ufunge duka. Si kwa ajili yake. Nikiona chai yako imefunikwa, najiona mimi."

Tangu hapo ninafunga mapema. Wateja wangu wameshazoea, na anayetaka kitenge cha harusi anakuja Jumatano. Wivu haukuondoka kwa siku moja, na sitasema kwamba umeondoka sasa. Msichana amekua, siku hizi baba yake akisafiri ni yeye anayesoma dua, na anaposema "mama yetu" sauti yake inashuka kama ya baba yake, na mimi kuna mahali panachoma. Panachoma, kisha panapoa, na kuna kazi ya kufanya, kwa sababu yeye ndiye anayenifundisha Yasini na ni mwalimu mkali.

Nimefika katikati. Alhamisi iliyopita alinisimamisha kwenye aya moja mara tatu. "Tanti, umeruka tena."

Nilikuwa karibu kukasirika. Bibi yake, ambaye siku hizi anakaa upande wangu wa mkeka kwa kuwa anasema mgongo wake unapenda ukuta ule, akanyoosha miguu yake.

"Mwache," alimwambia mjukuu. "Hata mama yako alikuwa anaruka pale pale, na baba yake mzazi alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani."

Msichana akamgeukia. "Mama?"

"Mama yako. Mpaka akalia."

Watoto wote wawili walimkodolea macho, na bwanangu akacheka peke yake. Nikaweka kidole kwenye mstari, nikaianza aya upya.