Muko Frondeur

Ukumbi wa chini ya kanisa letu pale Bowie, ughaibuni, ulinukia zulia lenye unyevu na chapati zilizofungwa kwenye foili. Huko ndiko tulikofanyia mazoezi ya kwaya ya watoto kila Jumamosi, mwaka niliokuwa na miaka tisa, na huko ndiko nilikogeuka mwasi bila kujua. Mwalimu wetu, Papa Serafini, alikuwa Mkongomani kutoka Uvira, mpole ajabu mpaka mtu aguse wimbo wake. Sisi wengi tulikuwa watoto wa Wakenya: Kiswahili tulikisikia, tukakijibu kwa Kiingereza. Yeye alichanganya Kiswahili cha kwao na Kifaransa, na kila upande uliamini unaeleweka vizuri kabisa.

Wakati huo kukhu, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kakamega. Jumatatu angepanda ndege kurudi, na kwa miezi mitatu aliyokaa kwetu aliomba jambo moja tu: anisikie nikiimba peke yangu kanisani. Papa Serafini akanipa ubeti wa pili, niuimbe Jumapili, siku moja kabla ya safari. Jumamosi iliyotangulia alituimbisha wimbo uleule mara saba. Ya saba ilipokwisha, mimi, kwa kimbelembele changu, nikaomba tuuimbe haraka zaidi: "Can we sing it faster?" Wenzangu wote wakaniunga mkono. Papa Serafini akafunga kinanda, akatutazama mmoja mmoja. "Nyie batoto," akasema, "muko frondeur."

Sasa, mtoto wa Mkenya akiambiwa "mko", anasubiri aambiwe wapi. Mko jikoni, mko shuleni. Na hiyo "frondeur" masikioni mwetu ilikuwa "front door" bila shaka yoyote, mlango wa mbele. Tukaelewa kwamba Jumapili tutaingia kwa maandamano tukitokea nje, tena tukaona ni wazo zuri. Tukapanda ngazi kimyakimya, watoto kumi na mmoja, tukajipanga mlangoni kwa urefu, kwenye baridi, tukisubiri ishara. Sijapata kuwa mtiifu namna ile tena maishani. Kule chini Papa Serafini aliona kwaya nzima imemsusia bila hata kuaga. Akatokea mlango wa nyuma, akaendesha gari hadi kwake Springfield, na kufikia jioni alikuwa amewapigia wazazi wote simu kwamba kesho hakuna kwaya.

Mama hakutaka maelezo. Alisema nimemwaibisha mbele ya kanisa na mbele ya mamake. Nililia mpaka kwikwi ikanishika, maana baada ya kesho hapangekuwa na Jumapili nyingine. Kukhu ndiye aliyeuliza mwalimu alisema nini hasa. Nikamwambia: mko front door. Akaagiza Papa Serafini apigiwe simu, iwekwe spika, nami nirudie. Mwalimu akacheka hadi akakohoa. Akaeleza kwamba kwao "muko" ni "nyinyi ni", kwamba frondeur ni mtu anayempinga mkubwa wake, na kwamba neno lenyewe limetokana na manati, "ile batoto banapigia ndege." Halafu sauti ikashuka. "Hata mimi bakubwa baliniitaka vile, kule ku masomo nilikuwa nafundisha. Nilikatalaka kuweka signature ku karatasi yabo. Njo maana niko huku."

"Sasa mwalimu," kukhu akasema, "jina lililokutoa kwenu, mbona unawapa watoto?"

Usiku huohuo Papa Serafini akawapigia wazazi simu upya. Jumapili alikuwa kwenye kinanda kabla hata mchungaji hajafika, nasi tukaingia tukiimba, kwa kasi kidogo. Ubeti wangu niliuanza juu mno, sauti ikakwaruza, na kukhu akalia bila kujificha. Mwaka uliofuata alifariki.

Siku hizi kwaya ya watoto, binti yangu akiwemo, inaimba Kiingereza kitupu. Mwalimu wao akisema jambo, linasikika lilivyo, na mazoezi huisha kwa wakati. Papa Serafini amezeeka, anakaa safu ya nyuma. Jumapili iliyopita alinivuta mkono akaniambia kitu kwa Kiswahili chake. Sikukielewa, wala sikumwuliza. Nilitabasamu, nikaitikia kwa kichwa, nikakimbilia gari. Hakuna aliyegombana na yeyote, na tangu siku hiyo naona aibu.