Tairi Halinywi Mafuta

Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi Rwanda na wazazi wangu nikiwa na miaka kumi na minne. Kiswahili nilichorudi nacho, watu wa Gisenyi wanakicheka hadi leo. Wanasema nazungumza kama redio. Hapa mtu ni mutu, watu ni bantu, mzuri ni muzuri, ndiyo ni njo, na asubuhi ni bonjour. Shikamoo haina soko. Nilipoanza kazi kwenye mradi wa mbegu za viazi, aliyeipenda shikamoo yangu alikuwa mmoja tu, dereva wetu, mzaliwa wa Masisi, ng'ambo ya mpaka, mzee aliyekuwa anakaribia sitini. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Mama, toa ile yangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwana yangu. Bon, tuende kazi."

Aliniita Mama kwa sababu nilikuwa mkubwa wa magari, na mwana kwa sababu angeweza kunizaa. Vyote viwili kwa pumzi moja, na mimi nilivipokea vyote viwili.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Gari limetoka na kilomita ngapi, limerudi na ngapi, limewekwa lita ngapi za mazutu, maana huku dizeli tunaiita mazutu. Mwisho wa mwezi nagawanya. Ofisi kuu ya Kigali ilikuwa imeweka kikomo: lita kumi na moja kwa kila kilomita mia moja, basi. Karatasi za kiwanda zilisema tisa, Kigali wakaongeza mbili za huruma. Kiwanda hakijawahi kupanda Busasamana. Kule njia ni mawe meusi ya volkano, pikapu imebeba mifuko ya mbegu na mbolea, gia ya kwanza, gia ya pili, gia ya kwanza tena, injini inalia kama mtu anayedaiwa machozi. Ukishuka huokoi kitu, breki zinakula ulichopata. Mzee alikuwa anaendesha kama amebeba mayai. Anaachia mguu mapema, hakanyagi mpaka kuna sababu, na mwisho wa mwezi anatoka na kumi na nukta kitu. Wenzake walimwonea wivu.

Halafu nikabadilisha matairi ya ile pikapu nyeupe.

Ya zamani yalikuwa yamechanwa na mawe. Saizi yake haikuwepo mjini, na muuzaji alikuwa na mengine makubwa zaidi, yenye meno, kwa bei nzuri. Nikasaini. Gari likainuka, likawa na sura ya ukali, ofisi nzima ikatoka nje kulitazama. Mkurugenzi akanipongeza mbele ya watu. Mzee alilizunguka mara moja, akalipiga teke tairi la mbele, polepole.

"Mama, hii viatu iko kubwa. Ni mutoto amevaa viatu ya baba yake."

Nilicheka. Nikamwambia apande gari.

Mwezi uliofuata nikagawanya, nikapata kumi na mbili na nusu. Uliofuata, kumi na tatu. Nikamwita nikamuuliza, akasema gari linakunywa, yeye hajui kwa nini ila ni tangu viatu. Lita mbili kwa kila mia ni kidumu kizima na zaidi kila mwezi, na hapa mpakani kidumu cha mazutu hakikai njiani nusu saa bila mnunuzi. Kila mtu anajua hivyo. Nikaandika Kigali, Kigali wakasema pima. Nikapanga kipimo mimi mwenyewe: dereva mwingine, gari tupu, barabara ya lami, Musanze kwenda na kurudi. Tulijaza tangi hadi shingoni kabla na baada. Ikatoka chini ya kumi. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jamani, gari tupu, kwenye lami! Ni kama kumpima mbeba mizigo siku ya mapumziko, ukasema huyu hali chakula kingi. Lakini wakati ule hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.

Jumatatu asubuhi tulikaa watatu, mkurugenzi, mimi na mzee. Yeye alikataa kiti.

"Mi siyaiba hata tone," alisema. "Tangu mulivalisha gari hii viatu, inakunywaka sana. Muangalie viatu."

Nami mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Mzee, tairi halinywi mafuta."

Mkurugenzi alicheka. Nikacheka naye. Mzee hakukasirika, alinitazama tu, kama mtu anayesubiri umalize sentensi. Nilikuwa nimemaliza. Akaweka ufunguo mezani, akasaini barua ya kuachishwa kazi, akavaa kofia ndani ya ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Ningependa kuandika kwamba niliumia. Sikuumia. Nilikwenda kula, nikala wali na maharage na sambaza, dagaa wa ziwani, nikamaliza sahani. Asubuhi ya pili niliinua kichwa kivuli kilipopita mlangoni, nikaona ni mtu wa usafi. Nikaendelea na kazi. Mjini habari ilienea yenyewe, sikumwambia mtu. Kwaya ya kanisani kwake ilimwomba apumzike kidogo. Huku wanapenda neno hilo, kupumzika.

Dereva mpya alianza. Mwezi wake wa kwanza, kumi na tatu.

Unajua niliwaza nini? Niliwaza, naye huyu mwizi. Ndivyo kichwa cha ofisi kinavyofanya kazi. Ilibidi itokee safari ya Musanze, mwezi wa pili wa mwaka, nikiwa nimekaa mbele na simu mkononi, ramani imewashwa kwa sababu ya ukungu. Simu ilisema tumetembea kilomita hamsini. Nikatupa jicho kwenye dashibodi: arobaini na sita na nusu. Nikasema simu inadanganya. Wakati wa kurudi nikapima tena, ikawa vilevile.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi wa matairi karibu na soko. Hakuacha hata kuziba tairi alilokuwa nalo.

"Mutu murefu na mutu mufupi banaenda soko," alisema. "Murefu anapiga hatua kidogo, mufupi anapiga mingi. Njia ni ile ile. Gari inahesabuka hatua, haihesabu njia. Na viatu ikiwa zito, inachokesha motere, inakunywa tena. Ni nani alivalisha gari yako hii?"

"Ofisi," nikamjibu.

Basi ndiyo hivyo. Gari lilikuwa linakwenda mbali kuliko lilivyosema, na matairi yenyewe yalikuwa yanakunywa. Mzee hakuiba tone. Mwizi wa zile lita nilikuwa mimi, na saini yangu ilikuwepo.

Ofisi ya mkurugenzi iko hatua kumi na mbili kutoka kwangu. Sikuzipiga. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi wa nne, na mtu aliyesaini matairi yasiyo saizi, akapanga kipimo cha kijinga, akamfukuzisha mzee wa watu, huyo haongezewi mkataba. Nilijiambia nitasema nikishasaini. Sikulala vibaya, usidhani. Moyo ulikuwa na ganzi kama mkono uliolaliwa, unaugusa na unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Mwezi wa tatu ukapita, Pasaka ikapita, nikasaini mkataba mpya. Mwezi wa tano nikaenda nikasema.

Mkurugenzi alisikiliza, akashika kichwa, akaandika barua. Kwa Kifaransa kizuri: uamuzi umefutwa, mzee ni mwaminifu, anakaribishwa kazini. Nikaipeleka mwenyewe Rubona, anakokaa mzee, kwa ile ile pikapu nyeupe.

Nilimkuta uani akijipikia maharage. Mwanamume wa miaka yake, kwenye ua anaokaa na majirani wenye wake, anapepea jiko mwenyewe. Alikuwa akiendesha pikapu ya jirani, ya kubeba kreti za vinywaji. Nikasema shikamoo, akasema marahaba mwana yangu, akanipa kiti pekee kilichokuwepo. Akavaa miwani, akasoma barua mara mbili.

"Mulijua namna gani?"

Nikamweleza simu na hatua za mtu mrefu. Nikasema, "Tumegundua juzi juzi, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. "Njo vile nilisema. Viatu." Wala hakusema kwa kunisuta.

Nikauliza mama wa nyumba yuko wapi. Alipepea jiko kwanza.

"Mama ya batoto alienda kwabo, Busasamana. Aliniuliza: kama uliuzisha mazutu, pesa haikuingia hapa kwetu. Donc iliingia nyumba gani? Nikasema mi siyauzisha. Akasema ofisi nzima haiwezi kusema uongo. Akangoja, akangoja. Bantu banamuambia lisemwalo lipo. Akaenda."

Wizi angemsamehe, nadhani. Nyumba ya pili hapana.

Nikamwambia ampelekee barua. Akanirudishia.

"Hii iko Français, yeye hasomi. Na mi nikisema, ni mwizi njo anasema. Enda we mwenyewe. Ulisema na kinywa, enda useme na kinywa."

Nilipanda Busasamana siku ile ile. Nilimkuta kwa kaka yake, amekaa kwenye kigoda, anachambua viazi vya mbegu, vyenye macho upande huu, vilivyooza upande ule. Aliniambia nikae, nami nikaanza. Tulizungumza Kinyarwanda. Nilimwambia yote, matairi, kipimo cha lami, hatua. Nikamwambia mume wake hajaiba na hana nyumba nyingine, kwa sababu pesa yenyewe haikuwahi kuwepo. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza alichukua kiazi, akakigeuza, akakiweka upande wa vizima.

"Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi juzi, kama nilivyomwambia mume wake. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulikuwa mzito.

"Mwezi wa pili," nikasema.

"Mimi niliondoka Jumanne ya baada ya Pasaka."

"Pasaka nilikuwa najua tayari."

Hapo mikono ikasimama. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane, nakiri, ningepata mahali pa kuanzia. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa viazi, kama robo gunia, akaupakia mwenyewe nyuma ya pikapu. Mgeni haondoki mikono mitupu, hata awe mgeni gani.

"Naweza kukuteremsha mpaka Rubona," nikamwambia.

Aliitazama pikapu kutoka juu hadi kwenye magurudumu. "Kwa hili? Nikitaka kushuka nitashuka na pikipiki."

Nilipita Rubona tena kabla jua halijazama. Mzee alikuwa amekaa nje, miwani bado usoni, barua mapajani. Alisimama aliposikia gari, nafikiri alidhani nimerudi na mtu. Akatazama kiti cha pembeni, akatazama nyuma, akaona mfuko wa viazi.

"Alisema nini?"

"Aliniuliza nilijua lini."

"Bon." Akangoja. "Na ulijua lini?"

Sikuwa na juzi juzi nyingine. "Mwezi wa pili, mzee. Nilikuwa nangoja mkataba."

Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, na barua akaikunja mara nne, ikawa ndogo kabisa. Kisha akanisindikiza mpaka garini kama mwenye nyumba anavyomsindikiza mgeni. Alipofika kwenye tairi la mbele alisimama, akaliangalia. Akanifungia mlango taratibu, bila kuupiga.

Kazini hakurudi. Mkurugenzi alimtumia watu mara mbili, wakaambiwa asante. Mkewe alirudi wiki tatu baadaye, kwa pikipiki, na godoro limefungwa nyuma; aliyeniambia ni mwanamke anayeniuzia sambaza, naye akashangaa kwamba sikushangilia. Nilifurahi. Nilijua kwamba nimefurahi, jinsi mtu anavyojua kwamba nje kuna jua wakati yeye yuko ndani. Pikapu nyeupe tuliirudishia saizi yake, na mwezi uliofuata ikatoka na kumi na nukta tisa. Nikaandika daftarini, nikafunga.

Mwezi wa kumi nilikuwa Rubona kwa shughuli nyingine, natafuta basi dogo la kurudi mjini. Mzee alikuwa amesimama kando ya kreti zake, anazungumza na watu, anacheka. Mkewe alikuwa amekaa kiti cha mbele cha gari na kapu mapajani. Mzee aliniona nikija, akavua kofia, kama zamani mlangoni kwangu. Nami nikaona ganzi inaachia, ikaanza na mikono, na nikaharakisha hatua.

"Shikamoo, mzee."

"Bonjour, Madame," akasema, kwa heshima zote, akasogea pembeni ili nipite.

Nikasema bonjour, nikapita, nikapanda basi.