Mchi wa Mama Niliufanya Mpini wa Bastola

Nakwambia mapema ili usije ukanionea huruma: kosa ni langu peke yangu. Sikuwa nimelewa, shetani hakunipitia, na hakuna aliyenituma.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania. Sasa naishi Shively, Louisville, napakia mizigo ghalani. Kambini nilikuwa nachonga miko na vibao vya chapati, nauza sokoni. Mikono yangu haijui kukaa bure. Nilipofika Marekani ikapata kazi nyingine ya kijinga.

Rivolva. Zile bastola zenye silinda inayozunguka. Nyingi zinachukua risasi sita, mimi nikapenda zile zinazochukua nane, hata kumi. Nilikuwa nazo saba. Nazifungua, nasugua vyuma vya ndani mpaka kifyatulio kinakuwa laini, natoa mpini wa plastiki, navisha wa mbao niliouchonga mwenyewe. Jumamosi wenzangu wa ghalani wanakuja uani, nachoma mishikaki, wanazishika moja moja, wananiita fundi. Jamani, sifa ni tamu.

Mke wangu hakupenda. "Tumekimbia hivyo vitu, wewe unavinunua," alisema. Nikamjibu hayo ni mapambo tu.

Sasa nikuambie kuhusu dada yangu. Yuko Riverside, kule Buffalo. Siku baba alipopigwa risasi kwetu, yeye alinibeba mgongoni mpaka tukavuka mpaka. Alikuwa na miaka kumi na minne. Leo ni mjane, na kazi yake ni kulea watoto wa watu nyumbani kwake. Watoto sita. Leseni yake ameiweka kwenye fremu sebuleni, mahali ambapo wengine wanaweka picha ya harusi.

Krismasi iliyopita alikuja kwetu na mchi wa marehemu mama. Mchi ule ulitoka kambini, tukaupandisha ndege. Katikati una alama, vitone vitano mama alivichoma kwa waya wa moto ili majirani wasiuchanganye na wao. Joto la hita liliukausha, ukapasuka. "Wewe ndiye fundi," dada akaniambia. "Nitengenezee. Sombe ya blenda haina ladha." Sombe ndiyo kisamvu, majani ya muhogo yanayotwangwa.

Nilijaribu gundi, nikajaribu kuufunga, haukushika. Ndipo likanijia wazo ambalo mpaka leo nalionea aibu. Nilikata kipande cha katikati, chenye vitone vya mama, nikachonga mpini wa ile rivolva yangu nzuri kuliko zote, ya risasi nane. Nilipiga msasa wiki mbili. Vitone vitano vikakaa pale pale kidole gumba kinapotua. Nikajiambia dada akiona atalia kwa furaha.

Mwezi wa sita mwanawe alikuwa analetewa mahari. Mimi mjomba ndiye niliyetakiwa kuzungumza kwa niaba ya ukoo. Nikaifungia bastola kwenye kisanduku, bila risasi, kisanduku nikakitia kwenye begi, nikawasha gari.

Columbus nilisimama kwa rafiki yangu Mkongo tuliyefanya naye kazi zamani. Nikamwonyesha. Aliigeuza geuza mkononi kisha akanirudishia haraka.

"Bon, mbao iko muzuri, siwezi bisha. Lakini unaenda nayo Buffalo?"

"Kwa dada."

"Donc unaingia New York na bastola bila karatasi? Ndugu, kule haiko Kentucky. Batakufunga, na hauna hata uraia."

"Kwani si nchi moja?"

"Inchi moja, lakini kila nyumba na mulango yake. Iache hapa, utaipitia."

Nikacheka. Mimi huyu, niliyekulia mahali ambapo kwenda kutafuta kuni nje ya kambi kulihitaji kibali! Mtu wa vibali tangu utoto, leo nikajifanya sijui kuna mipaka. Nilipoingia New York gari la polisi lilinifuata nyuma kwa maili kadhaa, na shati likanigandia mgongoni. Lilipopinda kwenda zake nikamshukuru Mungu, badala ya kugeuza gari.

Nilifika Alhamisi. Dada alinikumbatia, akanipa chumba cha juu. Nikapanga nimwonyeshe Ijumaa, watoto wakilala mchana.

Ijumaa asubuhi mlango ukagongwa. Mkaguzi wa leseni za kulea watoto. Huwa hawapigi simu kabla, ndiyo kazi yao. Mama mmoja mtaratibu, ana karatasi zake kwenye ubao. Akaangalia friji, akaangalia dawa zimefungiwa wapi, akahesabu watoto. Mimi nimekaa kwenye kochi, kikombe cha chai mkononi.

Akamuuliza dada: kuna silaha yoyote ndani ya nyumba hii?

Dada akacheka kidogo. "No. Never," akasema, akachukua kalamu, akaandika jina lake taratibu kama anavyoliandika siku zote.

Ungekuwa wewe, ungesema? Niliona kalamu inavyotembea, nikaiacha itembee.

Kisha mkaguzi akataka kujaribu king'ora cha moshi kule juu. Kiko kwenye dari ya chumba nilichopewa, chini yake kuna kiti, na kwenye kiti ndipo begi langu lilipokuwa. Akaniomba niliondoe. Nikalibeba kifuani kwa mikono miwili. Akapanda kiti, akabonyeza, king'ora kikapiga kelele, na mimi nimesimama hatua moja kutoka kwake nimekumbatia bastola. Aliposhuka akanishukuru kwa kumsaidia.

Alipoondoka dada alifurahi mno. Hakuna kosa hata moja, akasema, Mungu ni mwema. Akakaanga maandazi. Watoto wakalala. Na mimi, badala ya kutoka na begi langu kimya kimya, nikaona hatari imepita. Nikalishusha, nikafungua kisanduku mezani.

Hakutazama chuma kwanza. Alitazama vitone. Akaweka kidole gumba juu yake, akavihesabu.

"Huu ni mchi wa mama."

"Nimeuhifadhi, dada."

Ndipo akaona ameshika nini. Akaiweka mezani polepole, akaangalia kule watoto walikolala.

"Asubuhi hiki kilikuwa wapi?"

"Juu. Kwenye begi."

"Yule mama alipokuwa ananiuliza?"

"Ndiyo, dada. Lakini ameshaondoka. Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona," akasema. "Jina langu nilijifunza kuliandika nikiwa na miaka thelathini. Sikujifunza ili niandikie uongo."

Nilimsihi. Nilipiga magoti, mwanaume mzima. Hakupandisha sauti hata mara moja, na bora angenitukana. Aliwapigia wazazi mmoja mmoja waje kuchukua watoto. Mtoto wa mwisho alipotoka, akampigia mkaguzi mwenyewe. Mimi akaniambia niende kwa mchungaji wa kanisa lake, na kile chuma kisiguswe tena na mtu yeyote.

Mchungaji alimpata wakili. Wakili akapanga na polisi, wakaja nyumbani jioni ile ile, tukaisalimisha. Waliipokea kisheria, hawakunifunga, lakini wakili alinieleza nje kwamba kama wangeikuta barabarani wenyewe, ningeingia jela, na baada ya jela ningerudishwa nisikokujua. Nilimwomba afisa anipe bisibisi nifungue mpini tu. Akasema kinachosalimishwa kinaharibiwa chote.

Jumamosi wakwe walikuja. Aliyezungumza kwa niaba ya ukoo ni jirani. Mimi nilikaa nyuma karibu na masufuria. Dada hakumwambia mgeni yeyote kwa nini. Aliniwekea sahani yangu kama wengine.

Leseni ilisimamishwa wiki iliyofuata, na mpaka naandika hapa haijarudi. Fremu iko ukutani, haina kitu. Watoto wamepelekwa kwingine. Dada sasa anafunga maboksi kiwandani na mgongo ule ule ulionibeba.

Siku naondoka alinisindikiza mpaka kwenye gari. Aliniuliza jambo moja tu: "Vipande vingine vya mchi viko wapi? Hata hivyo vilivyopasuka. Niletee, nitaviweka."

Vilivyobaki nilivichomea mishikaki, ile Jumamosi niliyowaonyesha wenzangu mpini mpya. Alinitazama, akaelewa, akarudi ndani.

Zile sita nimeziuza zote. Nimemchongea mchi mpya, mti mgumu wa huku, nikautuma. Binti yake anasema umesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Sombe bado wanasaga kwa blenda.

Ndugu zangu wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo, mnaonunua vyuma hivi kwa sababu dukani ni rahisi na sifa ni tamu: kabla hujavuka jimbo, uliza sheria. Kabla hujaingia nacho nyumba ya mtu, mwambie mwenye nyumba, akikataa lala nje. Na kama unasoma haya kwenye simu umesimama mahali kuweka mafuta, na kisanduku kiko kwenye begi, na unakwenda kwa dada yako, nakuomba, geuza gari.