Maji ya Nyanya Rozalia

Sauti ya sururu ikigonga jiwe ndiyo iliyoniamsha utotoni, huko machimboni kisiwani Manda, kabla hata jogoo hajafikiria kuwika. Wazazi wetu walikuwa watu wa bara, waliofuata kazi ya kukata mawe ya kujengea nyumba za mji wa Amu, ng'ambo ya maji, na hoteli za Ras Kitau, nasi watoto tulikulia kwenye vumbi jeupe lililotufuata hadi ndani ya uji. Lakini vumbi tulilizoea. Kilichotutesa ni maji. Bahari ilituzunguka pande zote, visima vilikuwa na chumvi, na chai ya mama yangu, hata uitie sukari namna gani, ilikataa katakata kuwa chai.

Mwaka mmoja wa ukame parokia ilituletea mambo mawili kwa mashua moja. La kwanza lilikuwa miche ya mwarobaini, kila nyumba mmoja, ipandwe kwenye mashimo waliyoyaacha wakata mawe, maana, alisema Katekista Bernadi, Mungu hakutupa ardhi tuiache uchi. La pili lilikuwa maji matamu ya kila Jumamosi, mtungi mmoja kwa kila mzee asiyejiweza. Nahodha alikuwa Bwana Shee, Mwislamu wa Pate, na hakutaka malipo. Watoto tulipangiwa wazee wa kuwabebea. Mimi nilipewa Nyanya Rozalia, mjane asiye na mtoto, ambaye daktari alikuwa amemkataza chumvi kwa ajili ya presha. Miche iliamriwa inyweshwe maji ya kuoshea vyombo tu, na mtoto ambaye mche wake ungestawi kuliko yote angeshonewa gauni jeupe na kuongoza maandamano ya vipaji, yale ya kupeleka matoleo altareni, siku ya sikukuu ya parokia, kule Amu. Loo, gauni lile nililitaka kuliko mbingu yenyewe.

Ila maji yetu ya vyombo yalikuwa yale yale ya kisimani, chumvi na sabuni, na mche wangu ukaanza kunyauka. Basi Jumamosi moja, nikiwa njiani na mtungi wa Nyanya, nikapitia shimoni na kuupa mche kikombe kimoja. Kimoja tu, nikajiambia. Jumamosi iliyofuata vikawa vinne. Mtungi ukawa mwepesi, nikaogopa, nikaujazia maji ya kisimani. Nyanya macho yake yalikuwa yamefifia, nami kwa ujinga wangu nikadhani ulimi nao umefifia. Hadi mwezi unakwisha nilikuwa nikimpelekea nusu kwa nusu, na mche wangu umetoa majani ya kung'aa, Katekista anausifu mbele ya watu, mama anatembea kifua mbele.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo Nyanya alinishika mkono kabla sijautua mtungi. Hakunikaripia. Afadhali angenizaba kofi.

"Mti upe, mwanangu, nao ni kiumbe," alisema. "Ila usinijazie ya kisimani. Niletee hayo kidogo yanayobaki."

Nilikimbia. Na hapa ndipo kosa langu hasa lilipo, wala si kwenye wizi. Jumamosi iliyofuata nilisingizia tumbo, na ile ya pili nikajificha machimboni mpaka mashua ikaondoka. Sikumwambia mtu ashike zamu yangu, kwa kuwa ningeulizwa sababu. Mtungi wa Nyanya ulibaki gatini, ukachukuliwa na nisiyemjua, na Nyanya akanywa ya kisimani matupu kwa wiki mbili. Mkesha wa sikukuu majirani walimkuta chini, upande mmoja umepooza. Bwana Shee akamvusha hadi hospitalini. Kesho yake nami nikavuka kwa mashua ile ile, nimevaa gauni jeupe, na watu wakanipigia vigelegele. Nyanya alikufa Jumatano. Muuguzi alisema ni presha na uzee. Mama alipojua kwamba mtungi wa maskini uliibwa, alitikisa kichwa, akasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikimenya viazi.

Leo mimi ni mwalimu Amu, na kwenye kamati ya mazingira ya parokia mimi ndiye katibu. Machimboni kuna matangi ya kuvunia maji ya mvua, wazee hawasubiri tena mashua, na mashimo mengi yana miti. Watoto wa leo wamepata yale tuliyoyakosa, nami nafurahi kwa dhati, ingawa furaha hiyo hainifiki moyoni hadi chini. Nimeungama kwa padri, nikaondolewa dhambi. Lakini Nyanya sikumwomba radhi, na majuto ni mjukuu. Mwaka huu Katekista Bernadi, ambaye sasa ni mkongwe, alinisimamisha mbele ya watoto wa Manda, akawasimulia habari za mche wangu, akaniita mfano wa kuigwa. Binti mmoja wa umri wangu wa wakati ule akanyoosha mkono, akauliza maji ya kunyweshea mti ule tuliyapata wapi ilhali kulikuwa na ukame na visima vina chumvi.

Nilimtazama. Nikafungua mdomo niseme jina la Nyanya Rozalia.

"Mungu ndiye mpaji," nikasema, na watoto wote wakaitikia amina.